Je, wajua kwa nini rili moja ya Ayalandi ina sura nyingi na kii nyingi, yaani noti nyingi za makazi?

Chukua rili iitwayo "The Mason's Apron". Mpiga fidla anaianza kwenye A, nyuzi zinalia, mkono umetulia. Mwenzake mwenye filimbi ya mbao anaijua rili hiyohiyo, ila kwake makazi yake ni G. Hata noti za katikati hazilingani: huyu anapanda pale yule anaposhuka. Mgeni atauliza nani kakosea. Hakuna aliyekosea, na sababu yake inaanzia kwenye vidole.

Kwanza, rili yenyewe. Ni muziki wa kuchezea dansi, wa mapigo manne, wenye noti za mbio zinazofuatana nane kwa kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo hayo manne. Kwa kawaida una sehemu mbili, kila moja ina vipimo vinane na hupigwa mara mbili. Mzunguko mzima haufiki dakika moja, hivyo wapigaji huurudia mara mbili tatu, kisha huingia rili nyingine bila kusimama.

Sasa shika filimbi ya mbao ya Kiayalandi, ile isiyo na vibonyezo, yenye matundu sita tu. Ziba yote, puliza: unapata D. Fungua tundu moja moja kutoka chini, utapata E, F shapu (yaani F iliyopandishwa nusu sauti), G, A, B, na mwisho, yote yakiwa wazi, C shapu. Aliyekulia kwenye kwaya atatambua mara moja: hiyo ni do re mi, na do ni D. Kisha acha wazi tundu la juu kabisa, ziba mawili yanayofuata. Ile C shapu inashuka na kuwa C ya kawaida, na kwa badiliko hilo moja do imehamia G. Filimbi ya bati, ile ndogo ya bei nafuu ambayo watoto wengi wa Ayalandi huanza nayo, hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo ala hizi zina do mbili zinazopatikana bila taabu: D na G. Utajiri unakuja kwa sababu rili hailazimiki kulala kwenye do. Inaweza kulala kwenye re, so au la, na kila makazi yana hisia yake. Do ikiwa D, rili itatulia D, E, A au B. Do ikiwa G, itatulia G, A, D au E. Sehemu kubwa ya rili za Ayalandi zinaishi humo. "Drowsy Maggie" ni mfano mzuri: sehemu ya kwanza inatulia kwenye E, ya pili inahamia D, na vidole haviombi noti yoyote mpya. Ndiyo maana tukisema tu "hii ni kii ya D" tunakuwa hatujamaliza maneno, kwa kuwa D yenye C shapu na D yenye C ya kawaida ni nyuso mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inang'aa; ya pili ina kitu cha kale ndani yake, na mimi ndiyo inayonivuta zaidi.

Turudi kwa wale wawili. Kupiga kwenye A kunahitaji G shapu, na G shapu haina tundu lake kwenye filimbi yetu. Itabidi kidole kizibe nusu ya tundu, kwa mwendo wa noti nane kwa kipimo. Hilo ni kujitesa. Mpuliza filimbi anaishusha rili hadi G, ambako kila noti inamngoja. Fidla, ambayo ni fidla ileile tunayoisikia kwenye taarab, ina nyuzi nne: G, D, A na E. Kwenye A, nyuzi mbili za juu zinalia wazi na muziki unawaka. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mpiga rili naye huvutia kii kwenye ala yake.

Hapo sura pia inaanza kubadilika. Uzi wa chini kabisa wa fidla unafika G, ilhali filimbi inaishia D. Rili inaposhuka chini ya D, mpuliza filimbi hana pa kwenda. Anairukisha ile noti oktava moja juu, au anazunguka kwa njia nyingine. Akimfundisha mtoto, mtoto anajifunza mzunguko ule kama ndiyo rili yenyewe. Kizazi kimoja tu, na sura mpya imezaliwa.

Zumari la mfuko la Ayalandi linaongeza yake. Jina lake la Kiayalandi, uilleann, linatokana na neno la kiwiko, maana mpigaji hapulizi kwa mdomo. Hukandamiza viriba kwa kiwiko. Nyuma ya muziki kuna mabomba yanayovuma D mfululizo, kwa hiyo rili zinazokaa vizuri na D humpenda. Na C yake inaweza kusimama katikati, si shapu wala si ya kawaida. Katika "Rakish Paddy", rili yenye undugu na wimbo wa Uskoti uitwao "Cabar Fèidh", C hiyo ndiyo roho ya mambo. Ukiiandika kwa noti utalazimika kuchagua upande mmoja, na ukichagua tu umeshapoteza kitu. Isitoshe, kuna mazumari marefu yenye sauti ya chini, ya C au ya B. Vidole hufanya kazi ileile ya D, na mpigaji atakwambia anapiga D, ila sikio linasikia C au B.

Halafu kuna sababu ya pili: rili hizi zilisafiri kwa masikio, bila karatasi. Noti ndefu ya G, mmoja anaivuta. Mwingine anaikata kwa kugusagusa kidole cha juu na cha chini hadi iwe kama ngoma ndogo. Wa tatu anaijaza kwa G, B, G. Mpigaji mzuri hufanya yote matatu ndani ya raundi tatu. "Toss the Feathers" imefika mbali zaidi: jina hilo moja linabeba sura mbili zinazojulikana sana, moja imetulia D na nyingine E.

Karatasi ilipokuja haikufunga mjadala. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, alitoa mwaka 1903 mkusanyo wa vipande 1,850. Mwandishi wake wa noti alikuwa polisi mwenzake, James O'Neill, na baadhi ya nyimbo zimo kwa sura zaidi ya moja. Kilichobana sura hizo ni santuri. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyehamia Marekani mwaka 1914, alirekodi New York miaka ya 1920 na 1930. Santuri zikarudi Ayalandi, na wapigaji wa kaunti nyingine wakaanza kuacha sura za kwao ili wapige kama Coleman. Alikuwa fundi wa ajabu, lakini nasikitika nikifikiria sura zilizonyamaza kwa sababu hiyo.

Siku hizi wanapokutana kupiga pamoja, anayeanza rili ndiye mwenye kii, na wengine hufuata. Ukitaka kuyasikia haya mwenyewe, tafuta "Rakish Paddy" ya zumari, kisha ile ya fidla, kisha ya filimbi. Sikiliza noti ndefu ya mwanzo kabisa, ile C, na jinsi kila ala inavyoikamata.