Je, wajua kwa nini kinyago cha Dar hupasuka kikifika Dodoma?

Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, alikoanza George Lilanga (1934–2005) kama mlinzi kabla jina lake halijavuma duniani kwa uchongaji na uchoraji, haipo tena. Vinyago vilivyonunuliwa pale na kwingineko viko sebuleni mwa watu, na wenyewe wakihamia Dodoma huvibeba. Ndipo lawama zinapoanza: miezi michache tu mpingo una ufa, na mchongaji anaitwa tapeli.

Mara nyingi anaonewa. Mbao, hata iwe imekatwa zamani, haiachi kupokea na kutoa unyevu. Dar ni pwani, joto lake lina majimaji mwaka mzima. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na kuanzia Mei hadi Novemba ni upepo na vumbi. Kinyago kikiingia humo, maji yaliyobaki ndani huanza kutoka, na mbao hunywea, yaani hupungua ukubwa.

Kunywea peke yake kusingekuwa na neno. Lakini mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Maji hupita humo polepole mno, hivyo nje hukauka wakati ndani bado kubichi. Tena gogo hunywea zaidi kuufuata mzunguko wake kuliko kuelekea kwenye kiini, kwa miti mingi karibu mara mbili. Nje kunabana, ndani hakukubali, nyuzi zinaachia. Kinachoumia zaidi ni kile cha ujamaa, wale watu waliopandana hadi juu, kwa kuwa huchongwa kwenye gogo zima pamoja na kiini chake. Kipindue uangalie kitako: nyufa nyembamba zinazotawanyika kutoka katikati ndizo dalili ya kwanza.

Kitakoni na utosini ndiko maji hukimbilia kutoka, maana nyuzi zimekatwa hapo. Wanaoandaa mpingo wa kutengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, hupaka nta ncha za vipande kwa sababu hiyohiyo, nawe unaweza kupaka. Kiweke mbali na dirisha na kiyoyozi.

Ufa ukishatokea, usikimbilie kuujaza gundi. Mvua za Desemba zikianza mbao huvimba, ufa hujibana, na gundi iliyokauka humo huusukuma upya. Kiache kimalize mwaka mzima Dodoma, ndipo umwite fundi na unga wake wa mpingo wa kuzibia ufa.