Bawa la balsa na vile vibao vya katikati

Nikijenga bawa la ndege ya mfano, ile ndogo inayorushwa kwa rimoti, kabla ya kushika kisu mimi hushika mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, ambayo mke wangu ameshachoka kuidai. Juzi nilipima mbao mbili za balsa, mti mwepesi sana, kutoka kifurushi kimoja, zote sentimita 100 kwa 10, unene milimita 2. Moja gramu 22, ya pili 41. Ukiziangalia, pacha watupu. Ile nyepesi nikaitenga kwa mbavu, vile vipande vinavyolipa bawa umbo. Nzito itakuwa ukingo wa nyuma, unaogongwagongwa kila mara.

Bawa lenyewe ni sentimita 120 toka ncha hadi ncha, upana 20, na umbo lake ukilitazama kutoka nchani ni Clark Y, mchoro wa Mmarekani Virginius Clark wa mwaka 1922. Una miaka mia na ushee, na bado ndio ninaompa kila anayeanza. Tumbo lake ni bapa kuanzia karibu theluthi ya kwanza kwenda nyuma, kwa hiyo bawa linalala lenyewe juu ya meza. Unene ni asilimia 11.7 ya upana, yaani milimita 23 na kidogo, nafasi ya kutosha kuweka mihimili miwili ya kulibeba bawa kwa urefu wake, wa juu na wa chini.

Mbavu ziko 22, kumi na moja kila upande. Sikati mmoja mmoja. Nabana vipande vyote katikati ya violezo viwili vya plaiwudi, napitisha boliti mbili, kisha nasugua bunda zima kwa msasa mpaka violezo vianze kulia. Zikitoka hapo zinalingana zote, na ubavu mmoja haufiki hata gramu moja. Mchoro nautandaza mezani, juu yake nailoni ili gundi isishike, halafu pini, mhimili wa chini, mbavu, mhimili wa juu. Kazi ya jioni moja.

Hapo ndipo wengi hufurahi wakakimbilia kufunika bawa kwa ngozi yake nyembamba. Nami nilifanya hivyo kwenye bawa langu la pili. Ndege ilishuka kwa kasi, nikavuta kijiti cha rimoti kuinyanyua, nikasikia *tak*. Mabawa yakakutana juu kama mikono inayopiga kofi, mwili ukaenda chini kama jiwe. Nilipookota vipande, gundi ilikuwa bado imeshika kila mahali. Kilichoshindwa ni mhimili wa juu: ulijikunja katikati ya mbavu mbili, ukakatika.

Bawa linapobeba ndege, mhimili wa chini unavutwa na wa juu unasukumwa. Mti mwembamba huvumilia kuvutwa kuliko kusukumwa. Ukisukumwa hutafuta pa kupindia. Dawa yake ni kibao cha milimita 1.5 kinachogundishwa kati ya mihimili, kila nafasi ya mbavu, ili miwili ifanye kazi kama boriti moja. Nyuzi za kibao lazima zisimame wima. Ukitaka kuamini, chukua kipande cha balsa ukiminye kwa vidole kufuata nyuzi, kisha ukiminye kukatisha nyuzi. Mara ya pili kinabonyea kama mkate. Kulaza nyuzi ni rahisi, maana unakata kipande kirefu kimoja ukamaliza, na ndiyo sababu watu hulaza. Usilaze.

Kwa vibao hivi natumia gundi nyeupe ya mbao. Supagluu inashika kabla hujakaa sawa, na ikikauka inakuwa ngumu kuliko balsa yenyewe: msasa unakula mti, unaiacha gundi imesimama kama kigongo.

Ndege hii haina ailroni, vile vibawa vya kugeuzia vilivyo nyuma ya bawa; inageuzwa kwa usukani wa mkia, kwa hiyo kila ncha nainua sentimita 5, na kiungo cha katikati nakifunga kwa plaiwudi ya milimita 3. Kwenye ncha, ukingo wa nyuma nauinua milimita 3 kabla vibao havijakauka, ili ndege ikipunguza mwendo ncha zisiwe za kwanza kuacha kubeba. Gundi ikishakauka, pindo hilo halibadiliki kirahisi. Kwa hiyo napima pande zote mbili kwa rula, mara mbili.

Nilipomaliza, upande wa kushoto ulizidi gramu 3. Nikachomeka kimsumari kwenye ncha ya kulia, nikawasha pasi ya kubandikia ngozi, kuanza kufunika.