Maswali na Majibu: Kujikinga na Baridi Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Je, baridi ya ndani ya nyumba inaweza kumdhuru mtu, au humkosesha raha tu?

Inaweza kumdhuru, tena kabla hajaanza kutetemeka. Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 za Selsiasi hivi, na unapokutana na baridi hubana mishipa midogo iliyo chini ya ngozi ili damu yenye joto ibaki karibu na viungo vya ndani. Hatua hiyo huokoa joto, lakini wakati huohuo hupandisha shinikizo la damu, huuongezea moyo kazi, na damu nayo huwa rahisi kuganda. Ndiyo sababu mshtuko wa moyo na kiharusi huongezeka majira ya baridi, hasa kwa watu wazima wenye umri mkubwa na kwa wale ambao tayari wana ugonjwa wa shinikizo la damu. Wenye pumu nao hupata shida, kwa kuwa hewa baridi huwabana njia za kupumulia.

Chumba kinatakiwa kiwe na joto kiasi gani?

Katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzi 18 za Selsiasi kuwa kiwango salama cha joto la ndani kwa watu wengi wakati wa baridi, na likaeleza kwamba wazee, watoto na wagonjwa wa muda mrefu huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Kipimajoto cha ukutani kina faida kubwa penye mzee, kwa sababu uwezo wa kuhisi baridi hupungua kadiri umri unavyosonga, na mzee anaweza kusema kwa dhati kwamba hana baridi ilhali mwili wake unapoa.

Nina fedha kidogo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mwili wako kabla ya kufikiria chumba. Kupasha joto hewa ya nyumba nzima ni ghali, na sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye kuta, dari na mianya, ilhali mwili wenyewe hutoa joto mchana na usiku bila malipo. Kazi yako ni kulizuia lisipotee. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, kwa hiyo fulana, shati na sweta vikivaliwa pamoja mara nyingi hushinda koti moja zito, ili mradi visibane sana. Ongeza soksi, kofia na kitu cha kufunika shingo, hata kama uko ndani.

Jambo ambalo watu wengi hulipuuza ni unyevu. Maji husafirisha joto kwa kasi kubwa kuliko hewa, hivyo soksi zilizolowa jasho au nguo iliyonyeshewa humpoza mtu haraka kuliko kukaa na nguo chache zilizo kavu. Badilisha nguo mara tu unapoingia ndani, usisubiri zikukaukie mwilini.

Chakula na vinywaji vya moto husaidia pia, kwa kuwa mwili hupata nishati ya kutengeneza joto. Kusogea nako kuna thamani: anayekaa kitini kwa muda mrefu ainuke walau mara moja kila saa, atembee kidogo chumbani au anyooshe mikono na miguu, maana misuli inapofanya kazi hutoa joto.

Kwa nini nasikia baridi kitandani hata nikijifunika blanketi mbili?

Mara nyingi baridi hiyo hutoka chini. Uzito wa mwili hubana godoro, hewa iliyokuwa ndani yake hutoka, na joto hupotea kuelekea sakafuni, hasa godoro likiwa jembamba au limelazwa chini. Toa blanketi moja juu uitandike chini yako, au weka maboksi ya karatasi ngumu na makavu chini ya godoro, na utaona tofauti usiku huohuo. Sogeza kitanda mbali na ukuta unaopakana na nje. Chupa ya mpira ya maji ya moto ni msaada mzuri wa bei nafuu, lakini isijazwe maji yanayochemka, ikaguliwe kama ina nyufa, ifungwe kwa kitambaa, na isiguse ngozi moja kwa moja. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua.

Na nyumba yenyewe je?

Chagua chumba kimoja, kwa kawaida kile kinachopata jua zaidi, kiwe ndicho familia inachokaa, na milango ya vyumba vingine ifungwe. Fungua mapazia jua linapoingia, kisha yafunge kabla giza halijaingia. Kunja nguo kuukuu uilaze chini ya mlango, ziba mianya ya madirisha, na tandika zulia au mkeka sakafuni. Hata hivyo usiizibe nyumba kabisa. Pumzi za watu, mapishi na nguo zinazoanikwa ndani huongeza unyevu, na unyevu huleta kuvu ukutani, ambayo huwasumbua wenye pumu na watoto. Fungua madirisha kwa dakika chache kila siku ili hewa ibadilike, na nguo zikaushwe nje inapowezekana.

Kati ya hita na blanketi la umeme, kipi kina nafuu?

Blanketi la umeme, kwa mbali. Hita ya wati 2,000 hutumia uniti 2 za umeme kwa saa moja, na blanketi la wati 100 huhitaji saa 20 kumaliza kiasi hichohicho. Blanketi liwe zima, lisilolowa wala kuchakaa nyaya, na lisitumike kwa mtoto mchanga. Hita iwekwe umbali wa mita moja hivi na mapazia, matandiko na nguo, nayo izimwe watu wanapolala.

Je, ninaweza kuingiza jiko la mkaa chumbani, nikiacha dirisha wazi kidogo?

Usifanye hivyo. Nalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote, kwa sababu familia nzima hulala zikiwa na afya na zisiamke. Mkaa unapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo hujishikiza kwenye hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni ingawa mtu bado anapumua. Mkaa uliokwisha kutoa moshi ndio huwadanganya wengi: kutokuonekana kwa moshi hakumaanishi kwamba gesi imekwisha, na makaa yanayofifia bado huitoa. Upenyo wa dirisha hautoshi kuwa kinga. Tahadhari hii inahusu pia jenereta, pamoja na jiko la gesi linalowashwa kwa ajili ya kupasha chumba joto.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Watu kadhaa wa nyumba moja wakizipata kwa wakati mmoja, na zikapungua wanapotoka nje, shuku gesi hiyo mara moja. Watoeni wote kwenye hewa safi, kisha tafuteni matibabu hata kama wanajisikia nafuu.

Pombe humpa mtu joto?

Hapana. Hutanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto usoni, na joto la ndani likazidi kupotea.

Mtoto mchanga atunzwe vipi?

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka na hawezi kutetemeka kama mtu mzima. Kinga bora haina gharama: awekwe kifuani kwa mama au baba, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, na wote wawili wafunikwe huku mzazi akiwa macho. Anapolala peke yake asirundikiwe blanketi wala kuvikwa kofia, kwani kupata joto kupita kiasi nako ni hatari. Mguse kifua au shingo kujua hali yake, kwa sababu mikono na miguu yake inaweza kuwa baridi ilhali yeye ni mzima.

Nitatambuaje kwamba mtu amepoa kupita kiasi, na nimsaidieje?

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni dharura. Mtu hutetemeka sana, huongea kwa kukokota maneno, huchanganyikiwa, hujikwaa na kusinzia. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hali imezidi kuwa mbaya. Omba msaada wa kitabibu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi kavu pamoja na kichwa, na uanze kumpasha joto kifuani na shingoni. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji chenye joto na sukari. Usimsugue mikono wala miguu, wala usimtie kwenye maji ya moto, kwa kuwa moyo uliopoa huweza kupoteza mapigo yake ya kawaida kwa mshtuko mdogo. Na hata akionekana hapumui, usimwache ukidhani amekwisha kufa: aliyepoa sana hupumua polepole mno na mapigo yake ni vigumu kuyahisi, kwa hiyo fuata maelekezo ya wahudumu wa dharura mpaka wafike.