Dhamira katika filamu ya maangamizi

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne dhamira ya filamu ambayo dubwana linabomoa mji, atakujibu papo hapo: "vita", "sayansi", "uharibifu". Hizo ni mada. Dhamira ni kile ambacho filamu inasema juu ya mada hizo, kwa hiyo haikamiliki mpaka iandikwe kama sentensi nzima. "Silaha" ni mada. "Aliyebuni silaha hawezi kuwachagulia wengine wataitumiaje" ni dhamira.

Katika filamu za maangamizi za kubuni kisayansi, dhamira huzama kwenye kelele. Majengo yanaporomoka, ving'ora vinalia, na mtazamaji anadhani ujumbe uko humo. Mimi huiacha vurumai ipite, nikatazama hisia: kamera inatulia kwa nani, nani analiliwa, na ushindi unapokelewaje.

Chukua filamu ya kwanza ya Godzilla, iliyoongozwa na Mjapani Ishirō Honda. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, majivu yenye mionzi yakawaangukia mabaharia 23 wa meli ya uvuvi ya Kijapani, Daigo Fukuryū Maru. Opereta wao wa redio alifariki Septemba. Filamu ilitoka Novemba mwaka huohuo, na inaanza na meli: mabaharia wamepumzika sitahani, mara mwanga mkali, kisha moto. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji ufafanuzi.

Godzilla, dubwana lililoamshwa na majaribio ya nyuklia, anapoivamia Tokyo, kamera inamtafuta mama mmoja aliyejikunyata na watoto wake kando ya jengo, akiwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa na baba yao. Kulipokucha tunapelekwa hospitali. Majeruhi wamelazwa hadi sakafuni, na mtu anampitishia mtoto kipima mionzi. Filamu ya mapigano tu isingepoteza dakika hapo, ingekimbilia pambano lijalo. Honda anakaa. Huzuni hiyo si kiungo cha kunogesha. Ni ushahidi wa anachotaka kusema, kwamba madhara ya bomu hayaishi mlipuko unapokwisha.

Halafu kuna Serizawa, mwanasayansi aliyegundua kitu kinachoangamiza uhai wote majini. Anakataa kukitumia, maana anawajua wanasiasa. Anakubali baada ya kusikia wasichana wakiimba wimbo wa kuombea amani kwenye televisheni, lakini kwanza anachoma karatasi zake zote. Anazama baharini, anakitega, kisha anakata mpira wake wa hewa ili siri afe nayo. Juu melini watu wanashangilia, na katikati ya shangwe wengine wanalia. Daktari Yamane, mzee wa elimu ya viumbe wa kale, ananong'ona kwamba majaribio ya nyuklia yakiendelea, Godzilla mwingine anaweza kutokea.

Mwaka 1956 Wamarekani walitoa toleo lao. Walipachika mwandishi wa habari, aliyeigizwa na Raymond Burr, awe msimulizi, na onyo la Yamane wakaliondoa. Mahali pake msimulizi anatuambia kuwa tishio limekwisha na dunia inaweza kuishi tena. Dubwana ni lilelile na mji uliobomolewa ni uleule, lakini mtazamaji wa toleo hilo anaruhusiwa kwenda kulala.