Mapokezi ya hoteli Deira, utatoa kadi ipi?

Simu zinazoingia usiku kwenye dawati letu la kadi hapa benki zikitoka Dubai, nyingi huanza na swali moja: "Hela yangu imeenda wapi?"

Chukulia mfanyabiashara wa Kariakoo. Ametua alfajiri, amefika hotelini kwake Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, amelipia chumba usiku 4 kwa dirham 300 kila usiku. Jumla 1,200. Dada wa mapokezi akaichanja kadi mara ya pili, dirham 500, akasema ni dhamana tu. Mchana mteja wetu yuko dukani, mzigo umeshafungwa, anatoa kadi, mashine inakataa. Anafungua programu ya benki kwenye simu, salio limepungua dirham 1,700, na risiti aliyonayo mkononi ni ya 1,200.

Hajaibiwa. Zile 500 hoteli haijazichukua, imeziomba zishikiliwe endapo atavunja kitu au kunywa soda za kwenye friji ya chumbani. Siku ya kuondoka wakikuta chumba ni kizima, wanaziachia. Ila kuziachia kwao si kurudi kwake kwenye akaunti saa ileile. Taarifa inapita kwenye benki ya hoteli, kisha mtandao wa Visa au Mastercard, kisha benki yako. Inaweza kuchukua siku chache, ikachukua wiki mbili, na nimeona za mwezi mzima. Dirham 500 ni kama dola 136. Anayezungusha mtaji anajua dola 136 zikilala wiki mbili zimemnyima nini.

Hapo ndipo tofauti ya kadi ya debiti na kadi ya mkopo inapoonekana. Kadi ya debiti, ile ambayo wengi wetu tunaiita kadi ya ATM, inachota kwenye akaunti yako wewe. Kadi ya mkopo inachota kwa benki, nawe unaletewa hesabu mwisho wa mwezi. Dhamana ya hoteli ikiwekwa kwenye debiti, fedha yako ndiyo imefungwa. Ikiwekwa kwenye kadi ya mkopo, kilichopungua ni kiwango unachoruhusiwa kukopa, na akiba yako haijaguswa. Ndiyo maana mtu akiniuliza kadi ipi ni bora safarini, nami humuuliza: jambo likiharibika, unataka hela ya nani ikwame?

Kwa hoteli, tiketi za ndege na gari la kukodi, jibu langu ni kadi ya mkopo. Kwenye gari, mara nyingi huna hata uchaguzi: kampuni nyingi zinakataa dhamana ya debiti, kwa sababu faini za mwendokasi na malipo ya mageti ya Salik, yaani ushuru wa barabara za Dubai, hujulikana baada ya wewe kurudisha funguo. Ukifika kaunta na debiti peke yake, jiandae kupanda teksi.

Kwenye wizi ni hivyohivyo. Kadi ikinakiliwa, kanuni za Visa na Mastercard zinakupa haki ya kupinga muamala, iwe debiti au mkopo, na mara nyingi muda wa kufanya hivyo ni siku 120. Haki ni ileile, lakini mnaisubiri mkiwa katika hali tofauti. Mwenye kadi ya mkopo anabishania deni ambalo hajalilipa. Mwenye debiti anadai fedha iliyokwishatoka, huku kodi ya nyumba na ada ya shule vikimngoja.

Sasa nisije nikaonekana nauza kadi za mkopo. Zina meno. Usiitumie kutoa fedha taslimu kwenye ATM. Ukinunua dukani unapata siku za kulipa bila riba, ila ukitoa taslimu, riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, juu ya ada ya kutolea. Nyingine ni ule mstari kwenye taarifa ya mwezi unaoonyesha kiasi cha chini cha kulipa. Watu wanakisoma kama ndicho wanachodaiwa. Ukilipa hicho tu, kilichobaki kinakula riba, na mzigo ulioununua kwa bei ya ushindani unakuwa wa bei ghali ukiwa bado stoo. Kama huna hakika ya kulipa yote tarehe ikifika, kaa na debiti.

Wapo pia wanaoikwepa riba kwa imani, hasa wanaokwenda umra na hija. Nao nawaambia wafungue akaunti ya pembeni ya safari, waombe kadi ya debiti ya akaunti hiyo, na waweke humo kiasi cha safari tu pamoja na nyongeza ya dhamana za hoteli. Akaunti ya mshahara ibaki nyumbani. Ikitokea kadi imeibiwa katikati ya msongamano wa Makka, mwizi atakuta kilichomo humo na si zaidi.

Akaunti hiyo ikiwa ya dola, ni nafuu nyingine. Dirham imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997, dola 1 kwa dirham 3.6725. Riali ya Saudia nayo ni 3.75 tangu mwaka 1986. Kinachopanda na kushuka ni shilingi dhidi ya dola. Mwenye kadi ya akaunti ya shilingi kila ununuzi unabadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo, na benki inaweka asilimia yake juu. Uliza asilimia hiyo kabla ya kuondoka. Kila benki inayo kwenye jedwali lake la ada, na afisa wa tawi akishindwa kukutajia, mwambie akuonyeshe jedwali.

Sasa niseme langu. Safari yangu ya kwanza, nikiwa tayari mtu wa kadi, mwenye mashine alinigeuzia kioo: nilipe kwa dirham au kwa shilingi? Nilipoiona shilingi nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini. Nikabonyeza. Shilingi ile ilikuwa imepigwa hesabu na upande wa mwenye mashine, kwa kiwango chao, na faida yao wameshaiweka ndani. Ikiwa wameongeza 5% kwenye ununuzi wa dirham 2,000, umewaachia dirham 100 kwa kubonyeza mara moja. Siku hizi nasema kabla hawajauliza: dirham. ATM nazo zinauliza hivyohivyo, na jibu halibadiliki, chagua fedha ya nchi uliyopo. Muuzaji akikubonyezea bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya kabla hujaweka namba ya siri.

Fedha taslimu utaihitaji tu. Maduka ya jumla ya Deira wapo wanaokutajia bei mbili, ya kadi na ya mkononi. Hapo ndipo debiti inapofaa: toa kwenye ATM mara chache kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ada ya kutolea hukatwa kila unapotoa, na mwenye ATM naye anaweza kuweka yake. Hakikisha kwanza ukomo wako wa kutoa kwa siku. Benki inaweza kuupandisha kwa muda wa safari, ukiomba mapema.

Wanaokwenda Guangzhou, China, wana habari yao. Huko hata muuza matunda anataka umlipe kwa kuskani kwa simu. Tangu mwaka 2023 Alipay na WeChat, programu za simu wanazolipia huko, zinapokea kadi za nje za Visa na Mastercard, lakini ziunganishe ukiwa bado nyumbani. Kuziunganisha kunahitaji namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS kwenye laini yako ya Tanzania, na laini hiyo ukiwa umeitoa kwenye simu ili uweke ya Kichina, namba haitafika. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kupanda ndege, hata kama ni ya kupokea SMS tu.

Beba kadi mbili za akaunti tofauti, moja kwenye pochi na nyingine kwenye begi linalobaki chumbani. Na siku ya kuondoka hotelini, usikimbilie teksi ya uwanja wa ndege. Mwombe dada wa mapokezi afute dhamana ukiwa umesimama palepale, kisha akupe kile kikaratasi chenye namba ya idhini ya muamala. Ukitupigia simu siku ya kumi kuuliza hela yako iko wapi, hiyo namba ndiyo tutakayokuuliza kwanza.