Je, wajua kwa nini uwanja wa gofu wa St Andrews una grini 11 wakati mashimo ni 18?

Ukiangalia gofu kwenye TV siku The Open, yale mashindano makubwa ya gofu, ikichezwa St Andrews, kule Scotland, kuna kitu kitakuchanganya. Grini moja, yaani ile sehemu yenye nyasi fupi kabisa penye shimo, ina bendera mbili, na wachezaji wanailenga kutoka pande mbili. Uwanja huo wa zamani, Old Course, una mashimo 18 kama kawaida lakini grini ni 11 tu, saba za kuchangia na nne zenye shimo moja moja.

Sasa jumlisha namba uone. Shimo la 2 linachangia grini na la 16, la 3 na la 15, la 4 na la 14, hivyohivyo mpaka la 8 na la 10. Kila jozi inatoa 18! Wengi hudhani kuna mchoraji alikaa akapiga hesabu, kumbe wala, uwanja ule hakuna mtu aliyeuchora mwanzoni.

Ilikuwa kanda nyembamba ya mchanga na nyasi pembeni ya bahari, watu wanatoka mjini wanapiga mpira kwenda mpaka mwisho wa kanda halafu wanageuka wanarudi njia ileile na kulenga mashimo yaleyale. Kwenda 11 kurudi 11, jumla 22. Mwaka 1764 mashimo manne ya mwanzo yakaunganishwa yakawa mawili, na kwa kuwa njia ni moja, kwenda yakabaki 9 na kurudi 9. Ile 18 inayochezwa dunia nzima imetokea hapo. Baadaye watu wakawa wengi, wanaokwenda wanakutana na wanaorudi wanagombania shimo moja, ndo karne ya 19 grini zikapanuliwa zikatobolewa shimo la pili.

Na ile hesabu? Ukimaliza shimo la 2 umeacha nyumbani, yaani pale pa kuanzia, mashimo mawili nyuma. Ukimaliza la 16 umebakiza mawili ufike nyumbani. Kwa hiyo umesimama palepale. Basi, ndo siri yote.

Ndo maana mtu akisema anataka kuuboresha uwanja huu watu wanawaka. Mwaka 2012 msanifu Martin Hawtree alipewa kazi ya kuurekebisha, lile shimo la mchanga la Road Bunker, mtego wa mpira pale kwenye grini ya 17, likaongezwa upana kama nusu mita tu na kelele zikawa kubwa kweli. Wengine walitaka pasiguswe kabisa. Mimi siendi mbali hivyo maana watu wameubadilisha tangu zamani, ila naelewa hofu yao, ukisawazisha kila kituta unabaki na uwanja kama wowote ule.

Grini ya 11, inayochangiwa na la 7, nayo iliguswa, mteremko ukapunguzwa wapate sehemu zaidi za kutoboa shimo. Halafu The Open ya 2015, Jumamosi, upepo wa baharini ukavuma mpaka mipira ikawa inasogea yenyewe juu ya grini hiyohiyo ya 11, mchezo ukasimamishwa kwa muda wa zaidi ya masaa 10 na mashindano yakaja kumalizika Jumatatu.