Afisa wa hifadhi ya wakimbizi hatafuti kisa cha kumliza

"Niseme nini ili wanikubali?" Swali hili limenichosha. Karibu kila mwomba hifadhi ninayemwandaa kwa usaili ameshaambiwa na watu kwamba wanaopita ni wenye kisa kizito: umefungwa, umepigwa, nyumba imechomwa. Kama chako ni chepesi, tia chumvi. Kama huna kabisa, azima cha yule aliyekubaliwa mwaka jana.

Sijui uzushi unaoharibu kesi nzuri kuliko huu. Afisa hapimi machozi. Anajiuliza kwanza kama unayosema yanaaminika, kisha kama yanaingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, yaani una hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya asili yako, dini, utaifa, kundi fulani la kijamii au maoni ya kisiasa. Kama anayekuwinda ni mtu anayekudai pesa tu, na serikali ya kwenu inaweza kukulinda, kisa kinaweza kuwa cha kusikitisha na bado kesi ikaanguka. Tena afisa anatazama mbele: ukirudi leo, litakupata nini? Aliyepigwa zamani anaweza kukataliwa ikiwa hatari imeondoka, na ambaye hajawahi kuguswa akakubaliwa.

Kuhusu kuaminika, anachukua maelezo uliyotoa siku ya kujiandikisha, anayalinganisha na ya usaili, na maombi ya viza kama yapo, na ripoti za hali ya nchi yako. Anatafuta yanapogongana. Kisa cha kuazima hufia kwenye maswali madogo. Mlikuwa wangapi mahabusu? Choo kilikuwa wapi? Mlijuaje kumekucha? Aliyekuwamo hujibu, hata kama jibu ni "kulikuwa giza, sikuona". Aliyekariri hurudia sentensi ileile aliyoanza nayo. Nimeshuhudia mtu mwenye kesi safi kabisa ya dini akijiongezea kukamatwa ambako hakukutokea, na tarehe aliyoitaja ikaangukia siku ambayo viza yake ya zamani ilionyesha yuko nchi nyingine. Baada ya hapo hata ya kanisani hayakuaminiwa. Alikuwa na haja gani?

"Sikumbuki" ni jibu halali, litumieni. Mateso huvuruga kumbukumbu, na miongozo ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, inalitambua hilo. Tarehe ya kubahatisha ndiyo itakayokurudia.

Wengine husema ukimkatiza mkalimani utamuudhi afisa. Hapana jamani! Kama lahaja yake huielewi, au amefupisha sentensi tano kuwa moja, sema palepale ili iandikwe. Ukilalamika baada ya kukataliwa, unaonekana umetafuta kisingizio. Na mkipewa nakala ya rekodi ya usaili, isomeni siku hiyohiyo mkasahihishe kwa maandishi.

Kwamba bila nyaraka huna kesi: si kweli. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha 1979 kinasema wazi kwamba anayekimbia mara nyingi hana karatasi, na akijitahidi kwa dhati na maelezo yake yakawa ya kuaminika, apewe faida ya shaka, yaani pasipothibitika aaminiwe. Lakini barua ya kughushi ni mbaya kuliko kutokuwa na barua.

Kwamba aliyeingia bila kibali hasikilizwi: Ibara ya 31 ya Mkataba inakataza kumwadhibu aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na akaeleza sababu. Kuchelewa ndiko kunakoulizwa maswali.

Kwamba vita vyenyewe vinatosha: kwa Mkataba wa 1951 peke yake, kwa kawaida havitoshi. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 ndio uliopanua tafsiri Afrika, ukawaingiza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa. Kwingineko kuna ulinzi wa aina nyingine, ulizia wa nchi uliyopo.

Halafu kuna "wamenikataa tu, afisa alikuwa na roho mbaya". Labda alikuwa nayo, lakini rufaa haijibu roho, inajibu sababu, na sababu zinatakiwa ziwemo kwenye barua ya uamuzi. Nileteeni barua yote, siyo picha ya ukurasa wa kwanza, na mniletee mapema, maana siku za kukata rufaa huwa chache na mara nyingi zimetajwa kwenye kurasa za mwisho ambazo hakuna aliyezisoma.